Nukta ya Zambarau Kooni mwa Mama

Jumatatu asubuhi Mama aliingia dukani kwangu kugongewa muhuri wa mwaka wa koo lake la bandia. Akakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja mwingine yeyote na kulegeza mtandio shingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Koo ndilo lililojibu, kwa ile sauti ya kiwandani ambayo sijaizoea hata baada ya miaka mitatu. Ni sauti ya binti wa miaka ishirini, mpole, aliyesoma shule nzuri na hajawahi kugombana na mtu. Mama yangu ana miaka sitini na tisa na amegombana na nusu ya Morogoro.

Kabla saratani haijamchukulia sauti, Mama alikuwa mtangazaji wa stendi ya Msamvu kwa miaka ishirini na sita. Alikaa dirisha namba mbili na kipaza sauti, akiita abiria wa Ifakara, wa Mahenge, wa Dodoma. Saa nne shuleni tulipofunguliwa mapumziko, na shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara, aliniita mimi pia kwa kipaza sauti kilekile, stendi nzima ikisikia: "Abiria Leokadia Kobero, uji wako unapoa. Fika dirisha namba mbili." Wenzangu walinicheka mpaka darasa la saba. Nilikuwa naona aibu na naringa kwa wakati mmoja.

Nilichomeka ufunguo wangu wa leseni ubavuni mwa koo. Taa ikawaka kijani, maana yake jicho la ndani limelala. Kila chombo cha Lindo, kampuni inayotengeneza na kukagua viungo vya bandia, kina jicho hilo, dogo kuliko mbegu ya mchicha. Ukifungua na ufunguo, linalala. Ukifungua bila ufunguo linaona mwanga, linahesabu, na halisahau. Nikashika bisibisi, skrubu ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu mkono ukasimama.

Juu ya skrubu ya tatu palikuwa na nukta ya rangi ya kucha. Zambarau.

Niliitazama muda mrefu kiasi kwamba Mama akauliza, "Kuna tatizo?"

"Hakuna, Mama. Vumbi tu."

Haikuwa vumbi. Ilikuwa Tekla Mkude.

Mimi na Tekla tulijifunza kazi benchi moja, miaka sita, kwa Fundi Beatus wa Mji Mpya. Fundi Beatus alikuwa na desturi yake. Ukishafunga chombo cha mteja, unadondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya mwisho, ili mteja akirudi kulalamika ujue kama kuna mtu mwingine amefungua baada yako. Kila mwanafunzi alikuwa na rangi yake. Yangu ilikuwa kijani na ya Tekla zambarau. "Usiwahi kufuta rangi ya mwenzako," alikuwa akituambia, "utakuwa umemla nyama." Kisha Lindo wakaja na sheria yao, kwamba anayetaka kuendelea kugusa vyombo aape kumtaja kila mkono wa nje, yaani fundi asiye na leseni, ndipo apewe leseni. Mimi niliapa. Tekla alisikiliza kiapo mpaka mwisho, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Fundi Beatus aliposikia alicheka mpaka akatokwa na machozi, na alipokufa akamwachia Tekla lenzi yake ya jichoni. Mimi sijali. Lenzi ya Lindo niliyopewa ni bora mara mbili.

Najali. Sijui kwa nini nimeandika kwamba sijali.

Nilifungua. Koo linasemeshwa na utando mwembamba unaotetemeka, na utando wa Mama ulipasuka mwaka jana. Akawa anatoa sauti ya mvuke, kila neno linaanza na *shhh*. Niliagiza mpya Lindo. Nikamwambia asubiri wiki tatu. Akasubiri miezi minane, na kila alipouliza nilimwambia upo njiani. Halafu siku moja akaacha kuuliza na mvuke ukakoma, na mimi, fundi mwenye leseni, mwanawe wa kumzaa, nikaamini alichoniambia: kwamba koo limepona lenyewe.

Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Sasa nilikuwa nautazama utando wa koo jingine, labda la marehemu fulani. Ukiweka utando wa kigeni, koo linakataa, kwa sababu kila kipande cha Lindo kina chipu yenye jina lake na mashine haipokei jina isilolijua. Tekla alikuwa ameing'oa chipu ya jina kutoka kwenye utando uliokufa na kuipandikiza kwenye ulio hai. Chipu yenyewe ni ndogo kama chembe ya chumvi. Lehemu zake zilikuwa nane, zote zimeng'aa sawasawa, hakuna hata moja iliyovimba. Na pembeni aliongeza kitu ambacho sikukijua, chipu ya kumbukumbu iliyofungwa kwa nyaya mbili nyembamba kama unywele. Ilikuwa kazi nzuri. Nalisema hilo kama mtu anayeng'olewa jino.

Nikasoma hesabu ya jicho. Moja, bila ufunguo.

"Muhuri tutapiga Ijumaa," nilimwambia Mama nikifunga. "Mkaguzi wa Lindo anakuja. Anataka kuyaona makoo yote ya mjini kwa macho yake."

Mama alifunga mtandio polepole. "Sawa, mwanangu," likasema lile binti la shule nzuri. "Siku njema."

*

Jumatano nilimfuata. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nimefunga duka mchana kweupe, namvizia mama yangu mzazi kama mke anayemvizia mume. Alipita sokoni, akavuka chini ya nyaya zinazoshusha makapu ya kabichi kutoka Mgeta, akakata kulia Mji Mpya. Nilijua anakwenda wapi tangu alipotoka nyumbani. Nilichotaka ni kuumia vizuri.

Tekla anafanyia kazi chumba cha uani, dirisha liko wazi. Nilisimama upande wa pili wa ukuta, karibu na kamba ya nguo, na hapo ndipo nilipoisikia.

"Weee! Namwambia, mama, basi la Mahenge limeondoka, lile unaloliona ni vumbi lake! Ananijibu, basi litangazie hilo vumbi linisubiri!"

Kisha kicheko. Koo la kiwandani lina vicheko vitatu, navijua vyote kwa namba. Hiki hakikuwemo. Kilianza juu, kikashuka kwa vishindo, na mwishoni kikakoroma kidogo puani, na baada ya kukoroma akajicheka kwa kukoroma. Kilikuwa kicheko cha mama yangu. Nilikuwa sijakisikia kwa miaka mitatu.

Nikashika kamba ya nguo. Dakika nzima nilikuwa na furaha tupu, furaha ya mtoto aliyesikia mlango ukifunguliwa. Halafu wivu ukaja ukaikalia furaha ile kichwani. Ningejua ni kwa nani anacheka hivyo ningepasuka, na nilijua.

Niliingia bila kubisha hodi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Aliponiona mkono wake ulikwenda shingoni haraka, kidole kikabonyeza ubavuni mwa koo.

"Karibu, mwanangu," likasema lile binti.

Watu wameshanitukana katika kazi yangu. Mmoja aliwahi kunitemea mate. Hakuna kilichowahi kuniuma kama kile kidole.

"Usibadilishe," nikamwambia. "Nimeshasikia."

Mama akainamisha uso. Tekla akainua lenzi kutoka jichoni, lenzi ya Fundi Beatus, akaiweka mezani taratibu. Hajanenepa, hajazeeka. Kucha zake zina zambarau ileile.

"Kaa, Kadia," akasema. "Chai ipo."

"Sauti umeipata wapi?"

"Walipobomoa jengo la zamani la stendi walitupa mitambo ya matangazo jalalani. Niliokota. Ndani mlikuwa na miaka kumi na tisa ya Mama."

"Usimwite Mama."

"Nimwiteje? Bibi Kobero, kama barua ya serikali?"

"Miaka kumi na tisa," nikarudia. Jalala lile nililipita kila siku nikienda kazini. Niliyaona yale makasha ya spika kwa macho yangu haya. "Ungeniambia."

"Ningekwambia ili iwaje? Umeapa kutaja kila mkono wa nje. Ningekwambia, ungenitaja au ungevunja kiapo. Sikutaka kukuweka hapo."

"Kwa hiyo mji mzima unamsikia Mama, ila mimi."

Tekla alimtazama Mama, na Mama akamtazama yeye, na katika kutazamana kule nikaona mambo mengi ambayo wameshayazungumza bila mimi.

"Aliniomba nisikwambie," Tekla akasema mwishowe. "Alisema, mwanangu ni mkweli sana, nikimpa siri nitakuwa nimempa mzigo."

"Au aliniogopa."

"Muulize. Yupo hapa."

Sikumuuliza. Ningemuuliza, angenijibu kwa sauti gani?

*

Alhamisi nilifungua fomu.

Fomu ya Lindo ya mkono wa nje ina maswali manne tu. Chombo kipi, kimefunguliwa mara ngapi, mwenye nacho nani, aliyefungua nani. Ukiijaza na kuituma, mtambo mkuu unakinyamazisha chombo hicho palepale, popote kilipo, hata kama mwenyewe yuko katikati ya sentensi. Kisha wanakwenda kwa uliyemtaja, wanachukua daftari lake, na kila aliyemo humo naye ananyamazishwa. Kwa Tekla nilikisia watu mia mbili. Wazee wa makoo, watoto wa masikio, yule mwalimu wa Kihonda mwenye mkono wa betri.

Kuna kosa la namna nyingine, na hilo nalo nililijua vizuri. Fundi mwenye leseni akifungua bila ufunguo anapoteza leseni yake maisha. Lakini mkataba unasema mkono wa fundi wa Lindo ni mkono wa Lindo wenyewe, kwa hiyo linafunguliwa faili, na chombo hakiguswi mpaka faili lifungwe, wasije wakaonekana wanaficha ushahidi. Mafaili hayo hayafungwi. Kuna mzee kule Kilosa ambaye fundi wetu mmoja alimharibia sikio, akaliunganisha vibaya likawa linasikia mpaka mazungumzo ya jirani. Faili lake lina mwaka wa tisa. Mzee amekataa kata kata kutengenezewa.

Nilikuwa nimeandika *Tekla Mkude* kwenye swali la nne na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, nikajizuia. Si kwa huruma. Nilitaka kutuma kesho, mbele ya mkaguzi, nione inavyokwenda.

Ndipo Mama akaingia. Hakuniamkia wala hakusubiri nimwamkie. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, akasimama. Miezi ile ya mwanzo baada ya upasuaji, kabla hajapewa koo, tulikuwa tunazungumza hivi, kwa karatasi. Mwandiko wake bado ni ule wa mbao za stendi, herufi kubwa zote.

USIMTAJE TEKLA. ANA WATU WENGI NYUMA YAKE. WAKITAKA KUZIMA WANIZIME MIMI. NIMESHASEMA VYA KUTOSHA MAISHANI.

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa natafuta jina langu.

"Umemwandikia Tekla ukurasa mzima," nikasema. Nilijisikia nina miaka minane. "Mimi je? Mimi sina mstari hata mmoja?"

Mama alifungua mdomo. Mkono ukapanda shingoni ukasita, kidole hakijui kibonyeze wapi. Kisha akaushusha, akanishika shavu kidogo kwa kiganja, akatoka bila kutumia sauti yoyote kati ya zile mbili.

Nilibaki na fomu. Na hapa nitasema ukweli, kwa sababu watu wameshaanza kunisifu kwa jambo hili na sipendi sifa nisizostahili. Sikumfikiria mwalimu wa Kihonda wala watoto wa masikio. Nililifikiria lile jina kwenye swali la nne. Nikitaja, kesho kutwa mji mzima utajua ni Tekla aliyemrudishia Mama wa stendi sauti yake, akafungwa kwa ajili hiyo. Watamwimbia. Watawapa watoto wao jina lake. Na kwenye mtambo mkuu wa Lindo, miaka na miaka baada yetu sote kufa, itabaki imeandikwa: sauti ya Mama wa Leokadia Kobero, aliyeirudisha, Tekla Mkude.

Yaani hilo tena nimpe yeye.

Nikalifuta jina. Nikafungua droo ya chini kabisa, nyuma ya risiti na betri zilizokufa, nikatoa kichupa cha rangi ya kucha ambacho sijakigusa tangu nilipoapa. Kilikuwa kimekauka juu. Nikakitia matone mawili ya asetoni, nikatikisa.

*

Mkaguzi, Bwana Ndunguru, ni mtu mnene mwenye adabu. Alipofika saa mbili ya Ijumaa, Mama alikuwa ameshakaa kitini tangu saa moja. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, kama anayekwenda kuhukumiwa na anataka kupendeza. Asubuhi hiyo, kabla mtu mwingine hajaingia, nilimwomba Mama anivulie koo dakika mbili. Alinipa bila kuuliza. Nikachomeka ufunguo, nikaikwangua zambarau ya Tekla juu ya skrubu ya tatu mpaka ikaisha, nikadondosha kijani yangu.

Usiwahi kufuta rangi ya mwenzako. Naam, Fundi Beatus. Nimeila nyama.

Bwana Ndunguru aliweka kisomeo chake kooni mwa Mama. Kisomeo kikalia.

"Fundi Kobero," akasema. "Limefunguliwa mara moja bila ufunguo."

"Najua."

"Nani?"

Mama alinishika mkono wa gauni. Aliushika kwa nguvu, na nikajua bado anadhani nitamtaja Tekla.

"Mimi," nikasema.

Bwana Ndunguru aliweka kisomeo chini. "Dada yangu. Unafahamu unachosema?"

"Nafahamu. Niliagiza utando nikangoja miezi minane, haukuja. Maombi yangu yote yamo kwenye mtambo wenu. Nikachoka."

"Bila ufunguo."

"Ufunguo ungewaambia palepale."

Akanitazama. Akavaa lenzi, akaomba nifungue, akainama. Aliona nukta ya kijani kibichi bado inang'aa, akaona ndani.

"Nimekukagua miaka kumi na mmoja," akasema akiwa bado ameinama. "Usiudhike. Wewe ni fundi mzuri. Lakini sijawahi kuona mkono wako ukifanya hivi. Hebu nieleze ulivyofanya."

Na hapo ndipo wivu wangu uliponifaa kwa mara ya kwanza maishani. Kazi ile nilikuwa nimeitazama Jumatatu kwa chuki, na chuki haipitishi kitu. Nilijua kila lehemu. Nilimweleza jinsi chipu ya jina ilivyopashwa moto kwa chini ili isiungue, jinsi ilivyoinuliwa kwa sindano ya kushonea badala ya kibanio kwa sababu kibanio kingeivunja, kwa nini lehemu ya tano ilianzwa kabla ya ya kwanza. Nilimweleza kuhusu nyaya mbili na kwa nini zimesukwa pamoja, ili sauti isichanganyikane na mlio wa betri. Mengine niliyaelewa palepale nikiwa nayaeleza. Nilimsikia Tekla akifikiri. Nilipomaliza koo langu mimi lilikuwa limekauka.

"Na hii kumbukumbu?"

"Ni sauti yake. Ya stendi. Niliokota jalalani."

Kile kitenzi kilipita mdomoni mwangu bila kukwama. Namshukuru Mungu Tekla hakuwepo.

Bwana Ndunguru alivua lenzi. Nadhani alijua. Mtu hakagui mikono ya mafundi miaka kumi na mmoja asijue. Lakini alinitazama mimi, akamtazama Mama na gauni lake la Pasaka, akatoa kalamu. "Mkono wa fundi wa Lindo," akasema kwa uchovu, akiandika. "Faili. Chombo kisiguswe mpaka litakapofungwa." Akagonga muhuri kwenye kadi ya Mama. Kisha akanyoosha kiganja, na mimi nikauvua ufunguo wangu shingoni nikaweka humo. Ulikuwa na joto la kifua changu. Aliufunga kwenye bahasha, akamuaga Mama kwa adabu, akatoka.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Havikuwa vingi. Lenzi ni ya Lindo, kisomeo ni cha Lindo, hata kiti. Vyangu vilikuwa bisibisi mbili na kichupa cha kijani. Benchi la Mji Mpya lina nafasi ya watu wawili, na mimi nilishajua nitakaa upande gani na Tekla atasema nini, na nilishaanza kumchukia kwa atakachosema.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipoisikia nyuma yangu, kubwa, ya kujaa stendi. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama.

"Abiria Leokadia Kobero! Abiria Leokadia Kobero! Uji wako unapoa. Fika dirisha namba mbili."

Kila neno lilikuwa limepita kwenye lehemu za Tekla, zote nane, na nilikuwa nazijua moja moja, na ziliniuma moja moja. Nikageuka, nikamwendea.